Mtani Huzika: Uhakiki wa Ushabiki wa Mpira Wakati Timu Inaposhuka Daraja

I. Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta sanaa ya umma katika ngoma, hadithi, vitendawili, methali na mashairi. Hiyo ni desturi njema, nayo imelipatia taifa hazina kubwa. Walakini iko sanaa moja inayotendwa mbele ya macho yetu karibu kila juma na wananchi wa rika zote, bila ya kuandikwa vitabuni wala kufundishwa darasani. Sanaa hiyo ni ushabiki wa mpira wa miguu. Ina nyimbo zake, majigambo yake, utani wake, mavazi yake, miiko yake, na hata maombolezo yake. Inapotajwa katika maandishi, mara nyingi hutajwa kwa lawama, kana kwamba ni uvivu wa vijana, au kwa sifa tupu, kana kwamba kila kelele ya jukwaani ni uzalendo. Njia zote mbili hazitusaidii kuielewa.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki sanaa hiyo katika saa yake ya dhiki, yaani majuma ya mwisho wa msimu, timu inapopigania kutoshuka daraja. Tumeichagua saa hiyo kwa makusudi. Ushindi huficha mengi. Katika shangwe za ubingwa ni vigumu kumtenga mpenzi wa kweli na mfuata upepo. Lakini timu ikiwa mkiani, kila anayeketi jukwaani huwa amejieleza yeye ni nani. Mfano wetu ni mji wa Njombe katika msimu wa 2017/18, ambapo timu ya Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara na kushuka msimu huo huo.

Tutajiuliza maswali matatu. Je, sanaa hii imetoka wapi? Je, mashabiki husema nini, na kwa fani gani? Tena, na hili ndilo swali zito zaidi, je, ushabiki wetu unatimiza wajibu ambao mila zetu zenyewe ziliupa utani, au umechukua nusu moja ya utani na kuitupa nusu ya pili?

II. Mahali na Timu

Msomaji asiyeifahamu nyanda ya juu ya kusini yafaa apate picha ya mahali penyewe. Mkoa wa Njombe uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Ni nchi ya Wabena, Wapangwa, Wakinga, Wamanda, Wakisi na wengineo. Nchi ya viazi, mahindi, chai, miwati, mbao na, katika miaka ya karibuni, maparachichi. Baridi yake yajulikana Tanzania nzima. Kaskazini mwa mkoa uko mji wa Makambako, njia panda ya barabara ya Mbeya na ile ya Songea, na kituo cha reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970. Kusini-magharibi, katika Wilaya ya Ludewa, kuna Liganga yenye mlima wa chuma ambao umetajwa katika mipango ya taifa kwa miongo mingi. Wazee wa Upangwa waliyeyusha na kufua chuma zamani kabla ya ukoloni. Wajukuu wao wamekua wakisikia kwamba mgodi utaanza. Watu wa huko, kwa hiyo, wana ujuzi mmoja ambao shabiki wa timu ndogo hana budi kuwa nao, nao ni ujuzi wa kungoja.

Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United, zote zikaanza msimu wa 2017/18. Ligi ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, na timu mbili za mwisho zilitakiwa kushuka. Uwanja wa nyumbani ulikuwa Sabasaba, mjini Njombe. Kwa mji ambao kwa miaka mingi ulizoea kuisikia Ligi Kuu redioni kama habari za mbali, kuja kwa ligi hiyo mlangoni lilikuwa jambo kubwa. Msimu ulipofungwa mwezi Mei 2018, timu mbili zilizoshuka zilikuwa Njombe Mji na Majimaji ya Songea.

Tutue kidogo juu ya jambo hili. Njombe na Songea zimefungwa na barabara moja iteremkayo kutoka Makambako. Timu mbili za barabara moja zilianguka mwaka mmoja. Tena Majimaji haikuwa timu ya juzi. Iliwahi kutwaa ubingwa wa Muungano katika miaka ya 1980, nayo imebeba jina la vita vya 1905 hadi 1907, ambavyo Wangoni wa Songea na baadhi ya Wabena wa Njombe walivipigana dhidi ya utawala wa Kijerumani. Basi katika majuma yale ya mwisho, watu wa sehemu hii ya nchi walikuwa wakiomboleza mara mbili: mgeni aliyekuja kwa furaha na kuondoka upesi, na mzee mwenye heshima zake aliyeanguka.

III. Asili ya Sanaa Hii

Wako wanaodhani kwamba ushabiki ni jambo la kigeni lililoletwa pamoja na mpira wenyewe. Dhana hii ina ukweli nusu. Mpira uliletwa na wamisionari, walimu na maofisa wa kikoloni. Lakini namna yetu ya kuushangilia ilikuwapo kabla yake. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea kugawanyika katika vyama vya ngoma. Katika beni kulikuwa na Marini na Arinoti, kila upande ukiwa na viongozi wake, vyeo vyake, mavazi yake na nyimbo zake za kumfedhehesha mpinzani. Kutoka huko desturi hiyo ilienea bara. Kando ya Ziwa Nyasa, pamoja na sehemu za Ludewa, ilizuka mganda, ngoma ya vijana waliopanga mistari kama askari, kijiji kikishindana na kijiji, na watazamaji wakiamua nani kashinda kwa unadhifu na umoja wa hatua.

Yanga ilipoanzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936 ikiwa na jina jingine, zilizaliwa katika jamii ambayo tayari ilijua kushindana kwa makundi mawili. Ndiyo maana uhasama wao uliitwa utani, nao wakaitwa watani wa jadi. Jina hilo halikubuniwa na waandishi wa magazeti kwa bahati tu. Lilichotwa katika kisima cha mila.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa ambayo mhakiki hana budi kuionyesha. Katika mashindano ya ngoma, kundi lililoshindwa lilirudi mwaka uliofuata likiwa na cheo kile kile cha kushindana. Aibu ilikuwapo, lakini mlango haukufungwa. Kushuka daraja ni jambo la namna nyingine. Ni utaratibu uliokomaa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, ambao kwao wa mwisho hutolewa katika baraza na nafasi yake kupewa mwingine. Si nchi zote zilizoufuata. Katika ligi kubwa za michezo za Marekani, timu ya mwisho hubaki mahali pake na kuanza upya mwaka ujao, kwa kuwa nafasi ni mali ya mwenye timu. Sisi tulifuata utaratibu wa kushuka na kupanda, na twaweza kusema kwamba ni wa haki zaidi, maana mji mdogo kama Njombe usingeingia kamwe katika baraza ambalo viti vyake vimenunuliwa. Lakini haki hiyo ina gharama. Mlango ulio wazi kwa kuingia uko wazi pia kwa kutolewa. Mila zetu za mashindano hazikutuandaa vya kutosha kwa gharama hiyo, na hapo ndipo tatizo la ushabiki wetu linapoanzia.

IV. Fani za Saa ya Dhiki

Tukiisikiliza sanaa ya mashabiki katika majuma ya mwisho wa msimu, twaona fani tatu zilizo wazi: hesabu, utani, na kimya.

Tuanze na hesabu. Shabiki wa timu iliyo mkiani hugeuka kuwa mwanahisabati. Tuchukue mfano wa kubuni. Timu ina pointi 24 na mechi tatu zimebaki. Ikishinda zote itafikisha pointi 33. Timu iliyo juu ya mstari ina pointi 30 na mechi tatu vilevile. Ikishinda moja na kutoa sare moja, itakuwa na 34, na mambo yamekwisha. Kwa hiyo shabiki haangalii mechi yake tu. Sikio moja liko Sabasaba, jingine liko kwenye redio ya simu likisikiliza habari za Shinyanga au Bukoba. Katika vijiwe vya Makambako, ambapo madereva wa magari makubwa hupumzika, na katika vibanda umiza ambapo watu hulipa fedha kidogo kutazama mpira, utasikia hesabu zikifanywa kwa vidole, kwa vijiti na kwa nyuma ya risiti: fulani akifungwa, fulani akitoa sare, sisi tukishinda mbili, tofauti ya mabao itakuwa hivi.

Je, hii ni sanaa? Sisi twasema ndiyo. Msimulizi wa hesabu hizo ana hadhira inayomkatiza, ana kiitikio, ana mashaka anayoyajenga hatua kwa hatua hadi kilele. Muundo wake ni ule ule wa hadithi za kale zenye masharti matatu: ukivuka mto, ukimpita nyoka, ukifika usigeuke nyuma. Neno linalobeba utungo mzima ni kiungo kidogo, “-ki-” ya masharti. Hakuna mahali pengine ambapo mwanafunzi atauona uzito wa kiungo hicho vizuri zaidi. Dhamira yake ni tumaini. Lakini ni tumaini lililofungwa kwa sharti, linalojua kwamba sehemu kubwa ya hatima yake iko mikononi mwa watu wengine waliombali. Kijana wa Liganga anayesikiliza matokeo redioni anaielewa dhamira hiyo bila ya kufafanuliwa.

Fani ya pili ni utani. Timu ikisuasua, watani hujitokeza kila upande. Jirani mwenye timu iliyo salama humuuliza mwenzake kama amekwisha kununua ramani ya viwanja vya daraja la chini. Muuza duka humkataza mteja asipande ngazi, asije akashuka. Mabishano haya yakifuata adabu, huwa yana ufundi mkubwa. Kejeli hufumbwa katika maneno ya kila siku: ngazi, mteremko, mizigo, nauli. Katika nchi ya milima na mabonde kama Njombe, ambako kila safari ni kupanda na kushuka, sitiari hiyo haitafutwi mbali. Iko chini ya miguu ya msemaji.

Fani ya tatu ni kimya, nacho ni kigumu kukihakiki. Wote waliowahi kukaa uwanjani siku timu yao inaposhuka wanakijua. Filimbi ya mwisho inapolia, ngoma hunyamaza kwanza, kisha vuvuzela, kisha mazungumzo. Watu hawatoki haraka. Wengine hubaki wakitazama nyasi kana kwamba mechi bado inaendelea. Mama aliyekuwa akiuza viazi nje ya lango hufunika sufuria bila kunadi tena. Ni maombolezo yasiyo na wimbo. Nasi twashangaa: taifa lenye nyimbo za kilio kwa kila namna ya msiba, limekosaje kutunga wimbo wa msiba huu? Jibu letu, ambalo tutalieleza mbele, ni kwamba hakuna aliyeteuliwa kuuimba.

V. Kasoro

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa za harusini. Kwa hiyo twapaswa kuzitaja, tena bila ya kuonea.

Kasoro ya kwanza ni ushabiki wa mahali pawili. Msimu wa 2017/18 Simba na Yanga zilifika Sabasaba kama timu ngeni. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mechi ya namna hiyo katika miji ya mikoani anaijua hali yake. Uwanja hujaa kuliko siku nyingine zote, lakini sehemu kubwa ya waliojaa huwa imevaa nyekundu au kijani. Mwenyeji wa mji huishangilia timu ya Dar es Salaam, iliyo kiasi cha kilomita 700 kutoka kwake, ikiifunga timu yenye jina la mji wake mwenyewe. Na zikija timu zisizo na majina makubwa, majukwaa hupwaya. Hatusemi kwamba ni kosa kuipenda Simba au Yanga. Timu hizo mbili zimesaidia kuunganisha taifa lenye makabila zaidi ya 120, na katika harakati za uhuru zilikuwa baraza la watu. Lakini upendo usio na nafasi kwa kilicho karibu una upungufu. Mchezaji kijana wa Njombe anayesikia uwanja wake wa nyumbani ukishangilia bao alilofungwa hujifunza jambo ambalo hakuna kocha awezaye kulifuta kwa maneno.

Kasoro ya pili ni kuikimbilia sababu isiyochunguzika. Timu ikifungwa, sauti huzuka kwamba kuna mkono wa mtu. Msemo wa “kamati ya ufundi”, ambao kwa maana yake halisi wahusu watu wanaoshughulikia ufundi wa mchezo, umegeuzwa fumbo la wale wanaotumwa kwa waganga. Katika soka letu tumesikia timu zikikwepa lango na kuruka ukuta kwa kuogopa kilichofukiwa mlangoni. Fumbo lenyewe, kwa upande wa lugha, lina ufundi na uchekeshaji. Kwa upande wa maudhui lina madhara. Fedha ambayo ingenunua viatu, chakula na nauli hupotea gizani, na mashabiki hupotezewa haki ya kuuliza maswali ya maana: mazoezi yalikuwaje? Wachezaji walilipwa? Nani aliyesajili, na kwa mpango gani?

Kasoro ya tatu inafanana na hiyo. Ni uvumi wa mechi kuuzwa. Majuma ya mwisho wa msimu ndiyo msimu wa uvumi huo. Timu moja haina la kupigania tena, nyingine inakufa. Zikikutana, kila bao hutiliwa shaka. Kama kuna ushahidi, vyombo vya soka vipo na sheria ipo. Pasipo ushahidi, uvumi huo huwavunjia heshima vijana waliokimbia dakika 90 kwenye matope, na humwachia kiongozi mzembe mwanya wa kujificha. Matusi kwa waamuzi ni tawi la mti huo huo. Majigambo ya kale yalikuwa na kanuni: ulijisifu wewe, ukamshusha mpinzani wako, lakini hukumgusa mwamuzi wa ngoma. Shabiki anayemtukana mwamuzi hajui fani aliyoirithi.

VI. Mtani Huzika

Sasa twafika kwenye kiini cha hoja yetu. Utani katika mila zetu ulikuwa nini hasa?

Walimu wa historia watakumbuka kwamba utani wa makabila ulizaliwa mara nyingi kati ya watu waliopata kupigana, au waliokutana katika njia za biashara na kazi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Wajukuu wao wakawa watani. Ulikuwa mkataba wa busara. Uadui uliokwisha haukufunikwa kwa adabu za uongo. Uligeuzwa mzaha, na mzaha ukawa daraja la kuvukia. Mtani aliweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuzuia njiani mpaka umpe kitu, nawe ukikasirika wewe ndiwe mwenye makosa.

Lakini mkataba huo ulikuwa na upande wa pili. Siku ya msiba, mtani ndiye aliyefika mapema. Wafiwa wakiwa wameishiwa nguvu, yeye alishughulikia maiti na kuchimba kaburi. Aliwachekesha waliokuwa wakilia, akaigiza mwendo na sauti ya marehemu, akadai vitu vya ajabu ajabu ili msiba uendelee bila ya kuwavunja watu. Mtu aliyekucheka mwaka mzima ndiye aliyekuzika. Bila ya upande huu, utani ni matusi tu yaliyopata kibali.

Tukiutumia ukweli huo kama kipimo, ushabiki wetu wa mpira wapungukiwa vibaya. Tumechukua nusu ya kwanza, yaani haki ya kucheka, tukaiacha nusu ya pili, yaani wajibu wa kuzika. Timu inaposhuka, kejeli hufikia kilele siku hiyo hiyo, kisha kila mtu huondoka. Wiki inayofuata mazungumzo ni ya ubingwa na usajili. Mwaka 2018 Simba ilitwaa taji lake la kwanza tangu msimu wa 2011/12, na nchi nzima ilikuwa na la kusema. Nani aliyekwenda Njombe na Songea kukaa na wafiwa? Na msimu uliofuata, mechi za daraja la chini zilipoanza, wangapi kati ya waliokesha wakipiga hesabu walirudi kulipa kiingilio?

Twaweza kuambiwa kwamba hili ni jambo la hisia tu. Sivyo. Tazama yaliyozipata timu zile tatu zilizopanda pamoja. Njombe Mji ilishuka mwaka 2018. Singida United ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka huo huo wa 2018, na Lipuli ikafika fainali hiyo mwaka 2019. Lakini msimu wa 2019/20 ulipokwisha, zote mbili nazo zilishuka. Kwa hiyo katika misimu mitatu, wageni wote watatu walikuwa wametoka. Wala si wageni peke yao. Mtibwa Sugar, waliokuwa mabingwa mwaka 1999 na 2000, nao walishuka mwaka 2024. Kushuka, basi, si laana ya mji mmoja. Ni sehemu ya maisha ya ligi, kama kiangazi kilivyo sehemu ya mwaka. Kwa hiyo swali la maana ni timu iliyoshuka inamkuta nani huko chini inakokwenda.

Timu inayomilikiwa na kampuni, jeshi au Magereza ikianguka, bado ina mishahara, gari na mahali pa kulala. Timu ya wananchi ikianguka, ina watu wake tu. Watu hao wakiondoka, hakuna kinachobaki ila jina lililochorwa ukutani. Hapa ndipo sanaa na uchumi vinapokutana. Wimbo wa jukwaani ni kiingilio. Kiingilio ni nauli ya mechi ijayo. Nauli ni kijana wa Wanging'ombe au Makete anayepata nafasi ya kuonekana. Kimya tulichokieleza hapo juu kina bei yake, na anayeilipa ni kijana huyo.

Hatusemi kwamba hakuna waliobaki. Katika kila mji ulioshuka hubaki kikundi kidogo. Ni watu wenye jezi iliyopauka, wanaokwenda uwanjani siku ya mvua kutazama mechi ambayo haitatangazwa popote. Watu hao hawana jina katika magazeti. Kwa kipimo cha utani wa kale, hao ndio waliotimiza mkataba wote.

VII. Hitimisho na Nasaha kwa Shule

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikusudia watu waliofundishwa kuona haya kwa vyao wapate kuvithamini tena. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Michezo la Taifa. Vyombo hivyo viliweka msingi kwamba mchezo ni sehemu ya utamaduni. Lakini mpaka leo tumeuhifadhi mchezo kwa vikombe na majedwali ya matokeo. Maneno ya watu waliouzunguka hatukuyahifadhi. Nyimbo zilizoimbwa Sabasaba mwaka 2017 na 2018, za furaha na za uchungu, ziko katika vichwa vya walioziimba, nazo zitakwenda nao.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao. Kwanza, wanafunzi wakusanye fasihi ya mashabiki wa mahali pao: nyimbo, misemo, majina ya utani ya wachezaji, na simulizi za mechi zisizosahaulika. Waiandike kama wanavyoandika methali za bibi zao, kwa uaminifu, hata pale inapokuwa na kasoro, kisha waihakiki fani na maudhui yake. Pili, washindane kutunga kile ambacho tumeona kinakosekana, yaani wimbo wa kuizika timu iliyoshuka. Wimbo wenye kilio na kicheko ndani yake, kama kilivyo kilio cha watani. Tatu, siku timu ya jirani inaposhuka, wenye timu iliyobaki wafike. Wafike na kejeli zao zote, kwa kuwa hiyo ni haki yao. Lakini wakate tiketi ya mechi yake ya kwanza katika daraja la chini, kwa kuwa huo ni wajibu wao.

Tulianza kwa kuuliza kama ushabiki wetu unatimiza wajibu wake. Jibu letu ni kwamba una fani tajiri na asili yenye heshima, lakini hautimizi nusu ya wajibu huo. Upungufu huo si wa kudumu. Mila inayohitajika tunayo. Haikuletwa na meli, wala haihitaji mfadhili. Wazee wetu walijua kwamba anayecheka sana wakati wa mavuno ndiye anayepaswa kushika jembe wakati wa kaburi. Mwezi Mei, mvua zinapoisha na baridi kuanza kushuka juu ya Njombe, msimu wa ligi huwa umefikia ukingoni, na mahali fulani nchini timu fulani huwa inahesabu pointi zake za mwisho. Wafiwa wake watakuwa jukwaani. Yafaa watukute pale.